Namna ya Kuisoma Saa ya Nzi wa Mabibo

Msimu wa korosho unapofika Mtwara na Lindi, mabibo yaliyong'olewa korosho zake hubaki chini ya mikorosho yakichacha kwa jua, na siku ya tatu haipiti kabla hayajavamiwa na nzi wadogo wenye macho mekundu, ambao mkulima huwapungia mkono na kuendelea na kazi yake. Wengi wa nzi hao ni wa jenasi iitwayo Drosophila, na ni kwa kumchunguza ndugu yao mmoja, Drosophila melanogaster, ndipo wanasayansi walipoipata kwa mara ya kwanza jeni inayoendesha saa iliyomo ndani ya mwili wa kiumbe. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwalimu wa baiolojia, mwanafunzi wa sekondari, au mtu mwingine yeyote mwenye subira anayetaka kuiona saa hiyo ikifanya kazi, kwa kutumia chupa za jemu, pamba, unga wa sembe na mabibo yasiyogharimu kitu. Kazi yote huchukua wiki tatu hivi, na ndani yake zimo siku chache za kukesha kwa zamu.

Kwanza tukubaliane kuhusu saa

Katika maabara za nzi taa kwa kawaida huwaka kwa saa kumi na mbili na kuzimwa kwa saa kumi na mbili, na saa za siku hazihesabiwi kuanzia usiku wa manane. Huhesabiwa kuanzia taa zinapowaka: wakati huo ni sifuri, saa inayofuata ni ya kwanza, katikati ya mchana ni ya sita, na taa huzimwa inapotimia ya kumi na mbili. Kile kinachoipanga saa ya mwili watafiti hukiita kwa neno la Kijerumani Zeitgeber, yaani mtoa wakati, na mtoa wakati mkuu kwa nzi ni mwanga. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa hesabu hii, kwa kuwa ndiyo aliyokua nayo: saa moja asubuhi ni saa moja tangu kupambazuka, na saa sita ni jua la utosini. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona wanafunzi wengi wanaodhani kwamba saa ya Kiswahili ni ya nyumbani na sokoni tu, na kwamba mlangoni mwa maabara wanapaswa kuivua pamoja na viatu, ilhali kwa kazi hii ndiyo inayofaa kuliko ile iliyo kwenye simu zao.

Basi, andika kila kipimo kwa saa ya Kiswahili, na usisahau kutaja kama ni mchana au usiku. Ukitaka kulinganisha na grafu za maabara, saa za mchana zinabaki kama zilivyo, na zile za usiku unaziongezea kumi na mbili, kwa hiyo saa mbili usiku ni saa ya kumi na nne. Juu ya karatasi ya kila siku andika pia jua lilichomoza saa ngapi. Mtwara na Lindi zipo karibu na nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na mchana wa Desemba unauzidi ule wa Juni kwa saa moja na dakika kumi hivi tu. Hata hivyo mwezi wa Novemba jua letu huchomoza saa kumi na mbili kasorobo, na mwezi wa Julai hupita kidogo saa kumi na mbili na nusu. Asiyeandika tofauti hiyo atakuja kulinganisha majaribio ya misimu miwili na kudhani kwamba nzi wamebadilika tabia, kumbe lililobadilika ni jua.

Mara ya kwanza kuifanya kazi hii na wanafunzi, wawili walipokezana zamu ya usiku. Mmoja aliandika 6 akimaanisha saa sita usiku, na mwenzake akaandika 6 kwa kuisoma simu yake alfajiri. Karatasi ya usiku mzima haikuweza kusomeka tena na tulilazimika kuanza upya. Tangu hapo, ukurasa wa kwanza wa daftari la jaribio hubeba kanuni hii moja, imeandikwa kwa herufi kubwa.

Nzi yupi hasa

Jina la nzi wa matunda hutumiwa na mabwana shamba kwa mdudu mwingine kabisa, yule mkubwa wa rangi ya kahawia na manjano anayeharibu maembe, ambaye jina lake la kitaalamu ni Bactrocera dorsalis. Huyo hukaribia ukubwa wa nzi wa nyumbani, na hutoboa tunda zima na kutaga mayai ndani yake. Nzi tunaowatafuta hapa wana urefu wa milimita mbili na nusu hadi tatu, na hupenda tunda lililokwisha kuchacha kwa sababu chakula chao ni hamira inayokua juu yake. Ukiona wenye mistari myeupe iliyonyooka kutoka kichwani hadi mgongoni, hao ni wa jenasi ya Zaprionus, jamaa wa karibu. Watenge, kwa kuwa kuchanganya spishi mbili katika hesabu moja huharibu zote mbili.

Dume hutambulika kwa ncha ya tumbo iliyo nyeusi na ya mviringo, na jike ni mkubwa kidogo, tumbo lake limechongoka, na mistari yake myeusi ni membamba hadi mwisho. Lenzi ya mkono inatosha kuona hayo. Haitoshi kukuhakikishia kwamba ulichonacho ni melanogaster, kwa kuwa majike wa melanogaster na wa spishi ndugu yake, simulans, hufanana mno, kwa hiyo katika ripoti andika tu Drosophila wa mabibo pamoja na jina la kijiji na tarehe. Kwa jambo tunalolichunguza hapa upungufu huo hauna madhara makubwa. Inafaa wanafunzi waelezwe pia kwamba nzi huyu anayefugwa katika maabara za Marekani, Ulaya na Asia asili yake ni Afrika, katika misitu ya upande wa kusini, ambako ndugu zake wa porini wamekutwa Zimbabwe wakiishi kwa matunda ya mng'ongo; aliyemsambaza duniani ni binadamu mwenyewe.

Kuwanasa na kuwalisha

Chukua chupa ya mdomo mpana, weka ndani yake nusu ya bibo lililopondwa, nyunyiza punje chache za hamira, kisha kunja karatasi kama ile ya muuza karanga, ikate ncha ibaki na tundu la milimita tano, na uipachike mdomoni mwa chupa ncha ikitazama chini. Nzi huifuata harufu na kuingia, lakini kutoka humshinda. Iweke chupa kivulini chini ya mkorosho saa kumi jioni na uichukue jua linapozama. Epuka miti iliyopuliziwa dawa karibuni: salfa ya ubwiri unga na viuatilifu vya wadudu hubaki juu ya tunda, na nzi watakufia chupani kabla hujajua sababu. Nje ya msimu, ndizi mbivu iliyolala siku mbili hufaa, na hata kochoko, yaani mabibo makavu, iliyolowekwa maji usiku kucha huwaita vizuri.

Kwa kufunika chupa usitumie kipande cha chandarua, ingawa ndicho kilicho karibu na kila mtu, kwa kuwa tundu za chandarua humzuia mbu na kumpitisha nzi huyu. Tumia kipande cha kanga kuukuu kilichofungwa kwa mpira, au kizibo cha pamba.

Chakula cha kudumu hupikwa kama uji. Chemsha vikombe vinne vya maji, koroga kikombe kimoja cha sembe, vijiko vinne vya chakula vya sukari na viwili vya hamira, na upike hadi uwe mzito kiasi kwamba chupa ikilazwa hautiririki. Ukipoa kidogo ongeza vijiko viwili vya siki ili kuzuia ukungu. Mimina kimo cha sentimita tatu katika kila chupa, funika kwa kitambaa, na uache mvuke utoke usiku mzima, kwa maana nzi huzama katika matone yanayoganda ubavuni. Asubuhi nyunyiza punje za hamira juu, kisha ingiza nzi ishirini au thelathini, majike na madume.

Sisimizi ndio maadui wakubwa wa kazi hii. Simamisha miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji ya sabuni na uyaongeze maji kila siku, kwa sababu siku moja ya kusahau inatosha kwa sisimizi kumaliza pupa wote. Usinyunyize dawa ya wadudu chumbani kwa sababu yoyote ile.

Joto linalofaa ni nyuzi 25 za Selisiasi, na katika joto hilo yai huanguliwa baada ya siku moja, lava hula kwa siku nne hivi, kisha hupanda ukutani mwa chupa na kugeuka pupa, na siku ya tisa au ya kumi hutoka nzi kamili. Joto likizidi nyuzi 30 madume hupoteza uwezo wa kuzalisha, kwa hiyo chumba cha bati kisicho na dari hakifai mwezi wa Novemba. Kibanda cha makuti ni bora zaidi. Waondoe wazazi baada ya siku tatu, ili watoto wote wawe wa rika moja.

Jaribio la kwanza: nzi hutoka saa ngapi?

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, na kama mwalimu ana nafasi ya moja tu, basi na alifanye hili. Jina Drosophila limetokana na Kigiriki, na maana yake ni mpenda umande.

Subiri mpaka pupa waanze kuiva. Pupa mbichi ni wa rangi ya maziwa. Anapokaribia kutoka, macho huonekana mekundu kupitia ganda, kisha mabawa yaliyokunjwa huonekana kama madoa mawili meusi ubavuni. Chupa tatu zenye pupa mia moja au zaidi kila moja zinatosha. Anza saa kumi na mbili jioni kwa kuwaondoa nzi wote waliokwisha kutoka, na tangu hapo, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana kwa siku mbili mfululizo, wagonge wapya waingie katika chupa tupu, waandike saa yao, na uwahesabu. Ili kuwahesabu bila kuwapoteza, weka chupa yao juu ya barafu kwa dakika chache. Wakilala wamwage kwenye karatasi nyeupe, na wakipata joto wataamka wenyewe.

Usiku usiwashe taa ya kawaida wala tochi ya simu, kwa sababu dakika chache tu za mwanga mweupe zinaweza kuisogeza saa ya nzi mbele au nyuma. Jicho la nzi huuona mwanga mwekundu kwa shida sana, na taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli ndiyo inayofaa. Tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu haiaminiki, kwa kuwa kitambaa hupitisha rangi nyingine.

Mwombe kila mwanafunzi amtazame angalau nzi mmoja akitoka, kwa lenzi, mwanzo hadi mwisho. Kifuniko cha ganda husukumwa na kifuko kinachovimba kwenye paji la uso wa nzi, kikivimba na kunywea, kikivimba na kunywea, hadi kifuniko kinafunguka. Kichwa hutoka, miguu ya mbele hushika ukingo, na mwili mweupe unaong'aa huvutwa nje huku mabawa yakiwa yamekunjamana kama karatasi iliyolowa. Hutembea hatua chache na kutulia, na ndani ya saa moja hivi mabawa hunyooka. Rangi hukolea baadaye. Nzi huyo mchanga hupoteza maji upesi, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba alfajiri, yenye hewa baridi na unyevu, ndiyo salama kwake.

Katika chupa zilizokaa kwenye mwanga wa kawaida wa mchana na giza la usiku, utaona kwamba wengi hutoka kuanzia karibu na mapambazuko hadi saa chache za asubuhi, na kwamba alasiri na mwanzo wa usiku ni wachache sana. Jambo la kushangaza ni kwamba pupa ambaye hajawa tayari asubuhi hatoki anapokuwa tayari mchana. Huzuiliwa hadi asubuhi inayofuata, kana kwamba kuna lango linalofunguliwa mara moja kwa siku. Neno lango ndilo lililotumiwa na Colin Pittendrigh, mmoja wa waanzilishi wa elimu hii, ambaye mwaka 1954 alionyesha pia kwamba saa hiyo ya nzi haiendi mbio sana joto likipanda wala haizembei sana likishuka, tofauti na kemia nyingi za mwilini.

Giza la sanduku na joto la bati

Hadi hapo bado hujathibitisha kwamba ndani ya nzi mna saa. Mtu makini atakuambia kwamba nzi wanaliitikia jua tu, kama kuku anavyotoka bandani kunapokucha, na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa hiyo gawa chupa katika makundi matatu. La kwanza libaki kwenye mwanga na giza la kawaida. La pili, siku mbili au tatu kabla ya pupa kuiva, liingie kwenye sanduku lisilopitisha mwanga hata kidogo, na likae humo mchana na usiku. La tatu, tangu likiwa mayai, liwe chini ya taa isiyozimwa kabisa. Kundi la gizani likiendelea kutoka asubuhi ilhali halijaliona jua, saa imo ndani yao. Kundi la mwanga wa kudumu hutoka ovyo kila saa, kwa kuwa mwanga usiokoma huivuruga saa hiyo, na ni vizuri kuwa nalo, maana huonyesha kwamba njia yako ya kuhesabu inaweza kugundua ukosefu wa mpangilio.

Sasa nieleze kosa ambalo karibu kila anayefanya jaribio hili katika mazingira yetu hulifanya, na ambalo nami nililifanya. Nililiweka sanduku la giza juu ya kabati, chumba cha bati, na matokeo yalikuwa mazuri kupita kiasi: nzi wa gizani walitoka kwa mpangilio uleule wa wenzao wa mwangani. Nilifurahi, hadi nilipoweka kipimajoto ndani ya sanduku na kuona kwamba kila mchana joto lilipanda kwa nyuzi tano. Saa ya nzi hupangwa pia na joto, na tofauti ya nyuzi tatu kati ya mchana na usiku hutosha kuwaambia ni saa ngapi. Sanduku langu liliwaficha jua la macho na kuwaachia jua la bati.

Dawa yake ni kuliweka sanduku chini, sakafuni, upande wa chumba usiopigwa na jua, na kulizungushia ndoo au madumu yaliyojaa maji, kwa kuwa maji hupokea joto polepole na kuliachia polepole. Mtungi mkubwa wa udongo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi: weka chupa ndani ya kopo lenye kifuniko, kopo ndani ya mtungi, na mchanga mkavu pande zote. Pima joto ndani yake kila saa mbili kwa siku nzima kabla ya kuingiza nzi, na usianze jaribio mpaka tofauti ishuke chini ya nyuzi moja au moja na nusu. Siku unayoitumia kwa kupima huko si siku iliyopotea.

Jaribio la pili: mirija

Jaribio hili huonyesha mwenendo wa nzi mmoja mmoja. Chukua mirija kumi na miwili angavu ya kunywea soda na uikate iwe na urefu wa sentimita sita na nusu. Upande mmoja jaza uji wa nzi kwa kimo cha sentimita moja na uuzibe kwa nta ya mshumaa usikauke. Upande wa pili utazibwa kwa pamba baada ya kuingiza nzi. Tumia madume tu, kwa sababu majike watataga mayai na baada ya siku chache mrija utajaa lava. Walaze nzi kwa barafu, mwingize mmoja katika kila mrija, panga mirija ubavu kwa ubavu juu ya karatasi nyeupe, na uwaache siku nzima wazoee kabla ya kuanza kuhesabu.

Maabara hutumia mwali wa mwanga usioonekana unaokatiza katikati ya mrija, na kila nzi anapopita kompyuta huandika. Wewe utatumia macho. Kila saa, kwa dakika kumi, ipitie mirija yote mara moja kwa dakika na uweke alama kwa kila nzi unayemkuta akitembea. Kwa nzi kumi na wawili alama haziwezi kuzidi 120 kwa saa, na idadi hiyo ndiyo kipimo cha uchangamfu wao. Usiguse meza, na usiwapulizie pumzi. Wakiwamo wanafunzi wa bweni, gawa zamu za saa tatu tatu, omba ruhusa ya uongozi mapema, na kila mmoja ajikinge na mbu, kwani mbu wa malaria naye hufuata saa yake, na saa yake ya kuuma ni usiku.

Utaona vilele viwili. Cha kwanza huja karibu na mapambazuko, na cha pili, kilicho kirefu zaidi, huja kuelekea machweo, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Mchana wa jua kali nzi hutulia, na kadiri joto linavyozidi ndivyo kilele cha jioni kinavyosogea kuelekea usiku. Atakayekaa bila kusogea kwa dakika tano au zaidi huhesabiwa kuwa amelala. Kigezo hicho kilitokana na kazi za makundi mawili ya watafiti zilizochapishwa mwaka 2000, zilizoonyesha kwamba huo ni usingizi wa kweli, kwa kuwa nzi aliyezuiwa kulala usiku hufidia kesho yake. Usishangae ukiona nyongeza ya wasiwasi alasiri siku yenye joto kali, jambo ambalo halionekani katika maabara zenye joto lisilobadilika lakini limeonekana kwa nzi waliowekwa nje.

Ni nini kinachoendelea kichwani mwake

Hutaiona saa yenyewe kwa vifaa vya shule, lakini matokeo yako hayana ladha kama huijui. Mwaka 1971 Ronald Konopka na Seymour Benzer, katika chuo cha Caltech, California, waliwapa nzi kemikali inayobadilisha jeni na kuwachunguza watoto wao kwa njia iliyofanana sana na hiyo ya hapo juu: walitazama nzi hutoka saa ngapi. Walipata koo tatu zisizo za kawaida, moja yenye siku ya saa 19, nyingine yenye siku ya saa 28, na nyingine isiyo na mpangilio wowote, na wakagundua kwamba zote tatu zina kasoro katika jeni moja, ambayo waliipa jina la period. Mwaka 1984 jeni hiyo ilitengwa na makundi mawili, la Jeffrey Hall na Michael Rosbash na la Michael Young, na watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

Utendaji wake unaweza kuelezwa ubaoni. Jeni ya period hutoa maelekezo ya kutengeneza protini. Protini hiyo hurundikana polepole usiku, huungana na mwenzake aitwaye timeless, na wakiwa wengi huingia katika kiini cha seli na kuizuia jeni ileile iliyowazaa. Protini huisha, kizuizi huondoka, na mzunguko huanza tena, kila duru ikichukua takribani saa 24. Mwanga wa asubuhi huingia katika hesabu hii kupitia protini nyingine, cryptochrome, ambayo ikipigwa na mwanga husababisha timeless ivunjwe, na hiyo ndiyo sababu taa uliyoiacha ikiwaka usiku kucha iliwavuruga nzi wa kundi la tatu.

Ubongo wa nzi kamili, ambao ramani yake yote ilichapishwa mwaka 2024, una seli za neva 139,255 na zaidi ya viungio milioni 50 kati yake. Katika seli hizo zote, zile za saa hazifiki 300. Kundi dogo miongoni mwake, linalotoa kemikali iitwayo PDF, ndilo linaloendesha kilele cha asubuhi, na kundi jingine huendesha kile cha jioni. Mgawanyo huo ulibainishwa mwaka 2004. Kwa hiyo mwanafunzi anapochora vilele viwili kwenye karatasi ya grafu anachora, kwa mbali, kazi ya makundi mawili ya seli zinazosemezana. Awe mwangalifu lakini na maneno ya ripoti: majaribio yake yanaonyesha kwamba saa ipo, hayaonyeshi ipo wapi. Hilo la pili lilihitaji nzi wasio na seli hizo, na ni lazima litajwe kuwa kazi ya wengine.

Unapochora, weka saa kwenye mstari wa chini kuanzia mapambazuko, paka giza sehemu ya usiku, na chora kila siku mstari wake kabla ya kutafuta wastani, kwa kuwa wastani wa siku mbili zisizofanana huficha kosa. Nzi aliyekufa katikati ya jaribio aondolewe tangu mwanzo wa hesabu, na idadi ya waliobaki iandikwe.

Kwa aliye na chupa zilizobaki, liko jambo moja ambalo sisi wa vijijini tunaweza kulichunguza vizuri kuliko watu wa miji mikubwa yenye taa za barabarani. Imeonyeshwa maabara kwamba mwanga hafifu, kiasi cha ule wa mbalamwezi, huwafanya nzi wahamishie sehemu ya mwendo wao usiku. Panga mirija ishirini na minne barazani siku mbili kabla ya mwezi mpevu, mbali na taa yoyote, kumi na miwili wazi na kumi na miwili ikifunikwa kwa kitambaa kizito cheusi kila jua linapozama na kufunuliwa kabla halijachomoza. Weka kipimajoto chini ya kitambaa na kingine nje. Hesabu kutoka saa moja hadi saa sita usiku kwa taa nyekundu, mikesha mitatu mfululizo, kisha rudia yote wiki mbili baadaye, mwezi ukiwa haupo angani.